Kiangazi cha Colorado hakisomwi kwa rangi moja
Ramani ya utabiri wa msimu inapoipa Colorado uwezekano wa asilimia 40 wa mvua chini ya wastani, wengi husikia ukame. Sivyo: pasipo dalili yoyote, kila moja ya hali tatu, yaani chini ya wastani, wastani na juu yake, huanza na takriban asilimia 33, hivyo 40 ni ongezeko dogo tu. Tena rangi moja ya ramani hiyo hufunika milima ya Rockies na tambarare za mashariki, ilhali mito ya Juni hujazwa na theluji ya miezi iliyopita, na mashamba ya tambarare hungoja mvua za radi. Wapo wasemao utabiri huo haufai kitu. Unafaa sana, mradi mkulima ausome pamoja na kipimo cha theluji mlimani na unyevu wa udongo wake, mambo yanayojulikana tangu Mei.