Wino na Hewa: Kujaza Katriji Nyumbani Bila Kuvuja

Mada iliyowasilishwa kwa walimu na wenye steshenari, Tibirinzi, Chake Chake



Kabla sijaanza kusoma, naomba mtazame hapa mezani. Katriji hii nyeusi nimeitia mililita nne za wino mbele yenu, nikaisimamisha juu ya tishu iliyokunjwa, kichwa kikiwa chini. Tutaiacha hivyo hivyo mpaka mada iishe.

Nimewaandikia wenye printa ndogo nyumbani: mwalimu anayechapa mtihani wa darasa lake usiku, na kijana aliyefungua steshenari kwenye chumba kimoja cha barazani. Katriji ndogo ya HP 123 nyeusi inakadiriwa kutoa kurasa 120 hivi. Darasa la watoto sitini likipewa mtihani wa kurasa mbili, katriji imekwisha asubuhi moja. Mpya inaagizwa Unguja, na meli ina siku zake. Kwa hiyo wengi wetu tunajaza, na wengi wetu tumeharibu. Mimi mwenyewe printa yangu ya kwanza ilikufa kwa kujazwa vibaya. Niliamka asubuhi nikakuta wino umeteremka ndani mpaka kwenye meza na zulia. Nikaulaumu wino kwamba ni mwepesi mno. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba kosa lilikuwa katika hewa.

Mtoto wa Pemba analijua somo hili kabla hajapelekwa skuli. Hukata bua la jani la mpapai, akalichovya kwenye ndoo, akaziba ncha ya juu kwa kidole na kulinyanyua. Maji hayamwagiki. Akiondoa kidole, yanamwagika yote. Katriji nayo inategemea hewa namna hiyo. Ndani mna sponji inayoushika wino na kuuvuta juu kidogo, na mvuto huo ndio unaouzuia kudondoka kupitia matundu ya kichwa, ambayo ni membamba kuliko unywele. Ukijaza mpaka sponji ishibe na wino uelee juu yake, mvuto unakufa, na wino utashuka wenyewe hata printa ikiwa imezimwa. Ukiziba kila njia ya hewa kwa kuogopa kuvuja, wino unakwama: ukurasa unaanza mweusi, unafifia katikati, chini unakuwa mweupe. Katika dakika hizi nilizopewa, hilo ndilo ninalotaka mlishike zaidi ya yote.

Tandika magazeti, vaa mifuko ya nailoni mikononi kama huna glavu, na nunua bomba la sindano jipya kwenye duka la dawa. Lililokwisha kumchoma mtu usiliguse. Bandua lebo ya juu polepole bila kuichana, kwa sababu utairudisha. Chini yake utaona matundu, na pembeni yake mifereji myembamba iliyojipinda. Mifereji hiyo ndiyo pua ya katriji. Ingiza sindano mpaka katikati ya sponji, usifike chini kabisa, kwani huko kuna wavu mwembamba unaochuja wino na ukitoboka kichwa kitaziba. Kisha sukuma taratibu sana, mililita moja kwa nusu dakika au zaidi. Sponji kavu hainywi kwa haraka. Ukiilazimisha, hewa iliyomo inakosa pa kutokea na inabaki ndani kama mapovu. Wino ukianza kuchungulia tunduni, simama, uvute nyuma kidogo. Usiijaze katriji mpaka ukomo wake. Iliyojazwa robo tatu itakuchapia vizuri kuliko iliyofurika.

Rudisha lebo. Ikiwa imeharibika, tumia selotepu, lakini iache mifereji ipumue. Halafu isimamishe katriji juu ya tishu. Mara ya kwanza itatoa doa pana. Ihamishie pakavu, tena na tena, mpaka ibakishe mstari mmoja mwembamba usiotanuka. Hapo ndipo pa kuitia kwenye printa. Anayeirudisha mara tu baada ya kuijaza ndiye atakayefuta wino sakafuni. Zile alama za shaba ubavuni zipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, zisiguswe na kidole chenye wino.

Katriji ya rangi ina vyumba vitatu, na mpangilio wake haufanani kwa kila aina. Chovya kijiti safi katika kila tundu, ufute kwenye karatasi nyeupe, ndipo utajua kilicho cha manjano. Kila rangi iwe na bomba lake. Wino mweusi wa printa nyingi ndogo una chembe ndogo zinazoelea ndani yake, na wa rangi umeyeyuka kabisa. Ukichanganya aina hizo mbili, huganda na kuziba.

Msingoje katriji ikauke kabisa; sababu iko katika namna uchapaji huu ulivyoanza. Mwaka 1977 mhandisi wa Canon, Ichiro Endo, alikuwa maabara chuma cha moto cha kulehemu kilipogusa sindano ya bomba lenye wino, na wino ukaruka nje kwenye ncha. Kutokana na ajali hiyo Canon walitengeneza uchapaji wa kuchemsha wino, na HP nao walifika kwenye njia hiyo kivyao, wakatoa ThinkJet mwaka 1984. Kila nukta tunayochapa ni tone lililorushwa na wino uliochemshwa ghafla, na wino wenyewe ndio unaokipoza kichwa. Kichwa kikichapa bila wino kinaungua, na kilichoungua hakirudi hata ukikijaza mara kumi. Mara tu maandishi yanapoanza kufifia, acha kuchapa. Kompyuta ikiendelea kukuambia katriji ni tupu baada ya kujaza, usishtuke: aghalabu huhesabu matone yaliyotoka, haipimi wino uliomo.

Kwa hapa kwetu kuna mambo mawili zaidi. Joto hutanua hewa iliyomo ndani, na hewa hiyo huusukuma wino nje, kwa hiyo katriji iliyojazwa isiachwe dirishani wala ndani ya gari juani. Anayeisafirisha kwa ndege ndogo kutoka Unguja aifunge kwenye mfuko, kichwa kikielekea juu, kwa sababu shinikizo la hewa hupungua angani na matokeo ni yale yale. La pili ni umeme. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, na tumepumzika na majenereta ya Wesha, lakini umeme bado hukatika. Ukikatika printa ikiwa kazini, kichwa kinabaki wazi, mbali na kifuniko chake cha mpira, na wino unakauka matunduni. Umeme ukirudi, washa printa, isubiri itulie, kisha izime kwa kitufe chake. Kuizima kwa swichi ya ukutani kila siku ni kuiua taratibu.

Nimeulizwa mara nyingi kama kujaza ni halali kwa sheria. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Lexmark na Impression Products, iliamua kwamba mtengenezaji akishauza katriji, hataza yake haimpi tena nguvu ya kumzuia mnunuzi asiijaze. Ni sheria ya kwao, lakini hoja yake naikubali kwa moyo wote: nilichokinunua ni changu.

Mwenye kuchapa mamia ya kurasa kila wiki namshauri anunue printa ya matangi ya wino, asihangaike na sindano. Na mabaki ya wino yasimwagwe karibu na kisima. Yanyonyeni kwa tishu, mzifunge kwenye mfuko, mziweke mbali na watoto.

Sasa tuirudie katriji yetu. Mwalimu uliyekaa mbele, tafadhali njoo uinyanyue, uwaoneshe wenzako tishu.