Picha ya Dakika Arobaini: Tulivyomchora Remmy Ongala

(Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili)



Wengi mmeiona ile picha ukumbini, na maswali yametufikia. Kwa nini mwanamuziki wa dansi? Na kwa nini imechorwa kama vile mchoraji alikuwa anafukuzwa?

Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Aliimba juu ya maskini, juu ya kifo, na juu ya UKIMWI wakati wengi walikuwa wakinong'ona tu. Miaka yake ya mwisho aligeukia nyimbo za Injili, akafariki Desemba 2010. Vijana wa darasa la uchoraji walimchagua wenyewe. Mzee mmoja wa usharika alipinga.

Mara ya kwanza tulikosea. Tulipiga mistari ya miraba juu ya fotokopi ya picha yake, tukanakili mraba kwa mraba, na siku mbili nzima zikaishia kwenye rasta zake, moja moja, kwa brashi nyembamba. Nywele zilitoka nzuri sana. Mwenyewe hayupo.

Ubao ukabaki mmoja, na rangi kidogo. Hapo tukaamua: dakika arobaini, brashi pana, basi.

Rangi za akriliki huchanganywa na maji na hukauka kwa dakika chache. Zikishakauka hazilainiki tena kwa maji, na brashi iliyosahauliwa huwa kama kijiti. Hasara hiyo tunaifahamu. Lakini kukauka upesi ndiko kunakokuruhusu kupaka tabaka juu ya tabaka bila kusubiri kesho. Tulipaka ubao mzima rangi ya kahawia nyekundu kwanza. Kisha tukakunja macho, tukatafuta vivuli vikubwa tu: chini ya paji la uso, ubavu wa pua, chini ya kidevu. Nyeusi ya kopo hatukuitumia, kwa kuwa huua ngozi. Tulichanganya buluu na kahawia. Rasta zote zikawa mapigo kama kumi ya brashi, kuanzia juu kwenda chini. Mwanga kwenye shavu na midomo ukaja mwisho, rangi nzito, bila kurudia.

Dakika ya thelathini hivi, binti aliyeshika brashi alitaka kusawazisha jicho la kushoto, maana lilikuwa limepanda. Tulibishana. Akaliacha. Kama angeligusa, rangi iliyoanza kukauka ingevutika na kuchubuka, na ubao mwingine hatukuwa nao. Jicho hilo ndilo linalomfanya aonekane yuko katikati ya wimbo.

Mzee wetu alisimama mbele ya picha kwa muda mrefu. Akasema, "Ndiye mwenyewe. Lakini ukumbi wa kanisa ni ukumbi wa kanisa." Kwa hiyo wiki ijayo tunaihamishia ofisi ya mradi, na wenye kutaka kuiona mnakaribishwa huko.

Kwa kamati zinazopanga bajeti: nyeupe ndiyo inayokwisha kwanza. Nunueni mbili kwa kila rangi nyingine moja.