Picha Iliyobeba Neno Letu



Twaomba ruhusa kuwatoa kidogo minazini tuwapeleke Arusha, mji uliokuwa bado mdogo walipoufikia wapiga picha za sinema kutoka Marekani, mwishoni mwa mwaka 1960. Bwana Howard Hawks alikuja kutengeneza picha iitwayo Hatari!, neno letu lenyewe, bila tafsiri. Nalo lilistahili: John Wayne na wenziwe waliwafukuza vifaru na twiga kwa motokaa, wakawatia kamba kwa mikono yao, si kwa mikono ya watu wa badala. Picha ilitoka mwaka 1962, nchi imekwisha kupata uhuru.

Mchezaji mmoja, Hardy Krüger wa Ujerumani, aliipenda nchi hata akanunua shamba huko Momella, chini ya Mlima Meru. Baadaye pakawa na nyumba ya wageni yenye jina la picha ile. Afikaye huko husimuliwa habari za Wayne na za Krüger. Wenyeji waliotumika katika kazi ile ni nadra kutajwa.

Hofu yetu ni kwamba miaka kumi ya ushirika wetu hapa Mafia itakumbukwa vivyo hivyo, kwa majina ya wenyeviti na wageni wa heshima, huku mkwezi, mfua nazi na mkausha mbata wakisahauliwa. Kwa hiyo kurasa za mwisho za kijitabu hiki tumewaachia wao. Makatibu na waandike kila jina, pamoja na la baba na la kijiji.