Sahani Imejaa, Paka Bado Analia: Njaa ya Paka wa Kuokota Katika Ziwa la Ng'ombe

Malalamiko ya wanaofuga paka wa kuokota katika mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, yanafanana mno. Paka alitolewa jaani au sokoni, mbavu zikihesabika, akapewa nyumba. Miezi miwili baadaye amenawiri na manyoya yanang'aa, lakini hanyamazi. Sufuria likiguswa, yuko jikoni. Friji likifunguliwa, yuko miguuni. Watu wakikaa mkekani kula, naye amefika, anapenya kati ya sahani. Amelishwa asubuhi, akalishwa tena saa nne, na bado analia kama aliyelala njaa. Nyumba huwa imeshamhukumu: huyu mlafi, huyu mdoezi. Wengine hufika mbali zaidi wakasema ana jini.

Mada hii inapinga hukumu hiyo. Paka anayedoea ana sababu, na kwa kawaida sababu ni zaidi ya moja: maisha aliyotoka, kilichomo ndani ya sahani, maradhi, na mafunzo anayopewa na wenye nyumba bila wao kujua. Anachohitaji ni chakula kinachomfaa, kije kwa saa anayoweza kuitegemea. Sahani ya tano haimtulizi, na mwaka ukipita itamletea ugonjwa.

Tuanze na mtaa wenyewe. Wadi ya Ziwa la Ng'ombe iko upande wa Bombolulu na soko la Kongowea. Leo imo katika eneo bunge la Nyali, na kabla ya uchaguzi wa 2013 ilihesabiwa Kisauni. Kwa paka asiye na mwenyewe, hapa chakula kipo tele, ila hakina ahadi. Jioni mama karanga wanakaanga samaki kando ya njia, na utumbo na vichwa vinaanguka. Bucha linafungwa, kunabaki vipande vya mafuta. Kesho yake mahali pale pale pana ufagio, jiwe au maji ya moto. Kisha kuna misimu. Kusi ikivuma, kuanzia takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka, mashua ndogo haziendi mbali, samaki hupungua na bei hupanda, na vichwa vilivyokuwa vikitupwa huingia kwenye mchuzi wa watu. Kaskazi ikirudi, neema hurudi. Paka aliyekulia katika hali hiyo amejifunza kwamba kilichopo kiliwe sasa, maana baadaye hakuna. Funzo hilo ndilo lililomfikisha hai mlangoni kwa mtu. Halifutiki kwa sababu tu amewekewa bakuli.

Maumbile nayo yana sehemu yake. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, aliyeanza kuishi karibu na watu miaka ipatayo 10,000 iliyopita, wakati maghala ya nafaka yalipovuta panya. Mwindaji huyo hula viumbe vidogo vidogo. Panya mmoja humpa takriban kilokalori 30, na paka wa kilo 4 huhitaji kama 200 hadi 250 kwa siku. Ina maana panya saba, wanane, waliosambaa mchana na usiku. Paka akiachiwa chakula ajipangie mwenyewe, hula milo midogo 10 hadi 20 kwa saa 24. Kwa hiyo mtu anaposema "si alikula saa nne!" anampimia mnyama huyu kwa kipimo cha binadamu. Kuomba tena saa saba mchana ni jambo la kawaida kabisa kwa mwili wake.

Lakini alama ya njaa iliyopita ni jambo jingine, na hapo binadamu wenyewe wametoa ushahidi. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi kadhaa wanaume 36 waliojitolea, ili ijulikane namna ya kuwahudumia watu walioshindishwa njaa na vita. Wanaume hao, wazima wa akili na wenye elimu, walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi na kulamba sahani. Jambo la kutia huruma zaidi lilitokea baada ya jaribio: waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema hawajashiba. Hawa walijua jaribio limekwisha na kwamba njaa haitarudi. Paka wa jaani hana wa kumwambia hivyo.

Kisiwani Lamu, tabia hii hii haimkeri mtu. Jack Couffer, mtengenezaji filamu aliyewafuatilia paka wa mji huo na kuwaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1998, aliwakuta wakiishi kwa makundi, wakijua wavuvi na majaa yao. Paka wa aina hiyo ni wa mtaa. Anapita mlango hadi mlango, anapewa mkia wa samaki hapa, ganda la mkate kule, na kuomba kwake kunagawanyika kwa watu wengi. Mchukue paka huyo umfungie katika nyumba ya ghorofa ya vyumba viwili Bombolulu, na kilio kilichokuwa cha mtaa mzima kinamwangukia mtu mmoja. Paka hajaongeza tamaa. Milango ndiyo iliyopungua.

Kilichomo ndani ya sahani ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Nyumba nyingi humpa paka ugali uliolowekwa mchuzi wa omena, au wali uliobaki. Tumbo linajaa, paka analala kidogo, kisha anaamka analia. Wenyeji wanashangaa. Mwaka 2011 watafiti wa kituo cha Waltham, Uingereza, waliwapa paka vyakula tofauti na kuwaachia wachague wenyewe. Paka hao walijipangia mlo ambao karibu asilimia 52 ya nishati yake ilitoka kwenye protini, 36 kwenye mafuta na 12 tu kwenye wanga. Mwili wa paka unatafuta nyama, na una kiwango cha wanga ambacho haupendi kukivuka. Hata ladha ya sukari haijui: mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba jeni ya kipokezi cha utamu katika ulimi wake haifanyi kazi. Basi paka aliyejazwa ugali anaweza kuwa na tumbo zito na njaa ya kweli kwa pamoja. Anapopanda mezani kuiba kipande cha nguru, anafuata kile kilichokosekana katika bakuli lake.

Ipo pia taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, ambacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza wa kutosha. Akikikosa muda mrefu, macho hupofuka, na tangu mwaka 1987 inajulikana kuwa moyo nao hutanuka na kudhoofika. Taurini huyeyuka majini. Anayechemsha dagaa kisha akamwaga supu amemwaga sehemu ya tiba. Dagaa wa chumvi waroweshwe na maji hayo ya kwanza yamwagwe kabla ya kupika. Samaki wawe wameiva, kwani baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mchuzi wenye kitunguu maji au kitunguu saumu usiguse sahani yake kabisa, maana huharibu chembe nyekundu za damu. Anayemudu chakula kikavu cha dukani ajue kuwa gramu 50 hadi 60 kwa kawaida zinamtosha paka wa kilo 4 kwa siku nzima. Ni kiasi kidogo mno kwa macho, na ndiyo maana watu huzidisha. Mizani ya duka la jirani itasema kweli kuliko kiganja.

Kabla ya kumrekebisha paka tabia, apimwe. Minyoo ndiyo ya kwanza kufikiriwa kwa paka wa mtaani: wengine hurithishwa na mama kupitia maziwa, wengine hutoka kwa panya, wengine kwa viroboto. Vipande vyeupe mithili ya punje za mchele karibu na mkia vinatosha kumpeleka mtu kwa daktari wa mifugo. Paka mzee, wa miaka kumi na kuendelea, anayekula sana huku akikonda, huenda tezi yake ya shingoni inazidisha kazi. Anayekula sana, akanywa maji mengi na kukojoa mno, apimwe kisukari. Sindano za kutuliza mwasho wa ngozi, zile za jamii ya steroidi, huchochea njaa. Kuhasiwa pia hubadilisha hesabu: mahitaji ya nishati hushuka kwa robo hivi, na huku hamu ya kula ikipanda. Yuko pia paka wa namna nyingine, anayelia, akakimbilia bakuli, akaonja, kisha akarudi nyuma. Huyo afunguliwe kinywa. Meno au fizi zinamuuma. Anaomba chakula asichoweza kukitafuna.

Sasa tuje kwa wenye nyumba. Mwaka 1898 mwanasaikolojia Edward Thorndike, akiwa Chuo Kikuu cha Columbia, aliwafungia paka wenye njaa ndani ya masanduku yaliyofunguka kwa kuvuta kamba au kukanyaga kibao, chakula kikiwa nje. Mwanzoni walihangaika ovyo. Kila walipofaulu na kula, walirudia tendo lile haraka zaidi. Jikoni kwetu tendo lile ni kilio, na sanduku ni sisi. Baadaye mwanasaikolojia mwingine, B. F. Skinner, alionyesha jambo ambalo kila familia inalo: tuzo inayotolewa mara moja moja, bila utaratibu, hujenga tabia ngumu zaidi kuvunjika kuliko tuzo inayotolewa kila mara. Mama anakataa, baba anakataa, mtoto anadondosha kipande chini ya meza kwa siri, nyanya anaona huruma. Kwa paka, hiyo ni nyumba ambayo ukilia vya kutosha, mmoja atalegea.

Na kilio chenyewe kina nguvu. Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex alichapisha mwaka 2009 utafiti wa mkoromo ambao baadhi ya paka huutoa wanapoomba chakula. Ndani ya sauti hiyo nzito ya kawaida aligundua sauti nyembamba ya juu, iliyo karibu na ya mtoto mchanga anayelia. Hata watu wasiowahi kufuga paka waliisikia kuwa ya dharura na isiyopendeza. Mfugaji anayeshindwa kuivumilia alfajiri hana udhaifu wowote.

Pwani kwetu kuna pia hofu inayoletwa na kilio hicho, nayo inastahili heshima. Waislamu wamefundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Anayesikia paka akilia hukumbuka hayo, akainuka kumpa. Lakini kisa hicho kinazungumzia hasa yule aliyefungwa, asiye na njia ya kujitafutia. Katika nyumba za ghorofa zenye milango ya chuma, paka ndiye huyo, na wajibu wa aliyemfungia unazidi: amlishe kinachomfaa, amtibu, asimwache na hofu ya kesho. Kumnyima ili "aadabike" ni kosa kwa dini, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nayo inakataza kumshindisha mnyama njaa. Kitabibu ni hatari vilevile: paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa.

Mada hii inapendekeza utaratibu unaotumia saa ambayo mtaa tayari unayo. Mombasa iko karibu na ikweta, hivyo nyakati za swala hazisogei sana mwaka mzima. Adhana inasikika kwa Mwislamu na kwa Mkristo, na paka anaisikia pia. Chakula cha siku kipimwe asubuhi kwa mkupuo mmoja, kigawanywe mara nne: baada ya alfajiri, adhuhuri, magharibi, na kabla ya kulala. Mlo wa mwisho usiwe mdogo, kwani ndio unaopunguza kilio cha usiku. Mtu mmoja ashike bakuli, na wengine wote, watoto wakiwemo, wamwelekeze paka kwa huyo. Chakula kitolewe wakati paka amenyamaza, hata kama ni kwa sekunde chache. Sehemu ya chakula kikavu itiwe katika chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa, aizungushe mwenyewe akitafuta. Uwindaji ndio kazi aliyoumbiwa. Mwezi wa Ramadhani, nyumba inapohamia futari na daku, ratiba yake isogezwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa badala ya kugeuzwa usiku mmoja. Aliyeokotwa jana akiwa mifupa mitupu aanze na vijilo vidogo vya mara kwa mara, maana mwili ulioshinda njaa ukijazwa ghafla hupoteza uwiano wa madini katika damu.

Wafugaji waonywe pia juu ya siku za mwanzo. Kilio kikiacha kulipwa, huzidi kabla ya kupungua. Paka atalia zaidi, atakwaruza mlango, atapanda mahali hajawahi kupanda. Wengi hukata tamaa hapo hapo na kumpa, na hivyo kumfunza kwamba kelele za kiwango hicho ndizo zinazotakiwa.

Wapo wachache ambao ratiba pekee haiwatoshi. Mwaka 2012 watafiti wa Italia waliandika kisa cha paka dume wa jamii ya Siamese, wa umri wa miezi minane, aliyekuwa akirukia meza, akila chakula cha wenzake na kuwavamia watu kwa ajili ya chakula. Vipimo vya mwili havikuonyesha ugonjwa. Aliwekewa mafunzo ya kuzoea chakula mbele ya watu bila kushambulia, kusihi kwake kukaacha kulipwa, akapewa michezo na mazingira ya kumshughulisha. Ilichukua miezi kadhaa, kisha akala kama paka wengine.