Siku ya Tatu Mpe Jembe: Mwanafunzi Mgeni Nyumbani Kwetu

(Mazungumzo na vijana na wazazi wa Thika na Ruiru)



 Nimeombwa nizungumzie jambo linalowagusa wengi humu ndani, nalo ni hawa wanafunzi wanaotoka ng'ambo kuja kujitolea huku kwetu na kulala katika nyumba zetu. Wengine mmeshawapokea. Wengine mmeombwa na bado hamjajibu. Na wako vijana hapa wanaotafuta nafasi ya kwenda wao huko ng'ambo kwa mpango kama huo. Nitasema na nyote, lakini nitaanza na mwenye nyumba, kwa sababu yeye ndiye husahaulika.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1932 Mmarekani mmoja, Donald Watt, alianza kuwapeleka vijana Ulaya wakakae na familia za huko, wale chakula chao na wasikie lugha yao. Na sisi pia tumekuwa wageni. Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege Nairobi kwenda kusoma Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, na mwaka uliofuata akaondoka Wangari Maathai kwenda chuoni Atchison, Kansas. Kisha mwaka 2002, baada ya yale ya Septemba 11, Marekani ikaanzisha mpango wa YES kwa vijana wa sekondari kutoka nchi zenye jamii kubwa za Waislamu, na Kenya ikaingia. Kijana alikaa mwaka mmoja wa masomo na familia ya huko, akasoma shule yao na kufanya kazi za kujitolea. Hebu fikirieni kijana wetu anaamka daku peke yake, katika jiko la watu, anatembea kwa ncha za vidole asiwaamshe wenyeji. Aliyepitia hayo hahitaji kufundishwa namna ya kumpokea mgeni.

Sasa mnisikilize vizuri. Mtume (SAW) alipofika Madina aliwaunganisha Muhajirina na Ansari undugu. Saad bin Rabii akamwambia Abdulrahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Akaenda akauza na kununua, akarudi na samli na jibini. Hiyo ndiyo adabu ya pande mbili: mwenyeji anatoa, na mgeni hakubali kubaki mgeni. Wazee wetu waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakuwa na uchoyo. Waliona kwamba asiyepewa jembe hajaingia nyumbani bado, amekaa sebuleni tu.

Mimi nimewahi kukaa na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu kwa wiki sita. Msichana. Siku za mwanzo tulifanya vile mnavyofanya nyote. Kitanda kizuri akapewa yeye, watoto wakalala chini, soda kila jioni, na majirani wakaja mmoja mmoja "kusalimia". Siku ya nne alisimama mlangoni mwa jikoni akauliza kama anaweza kuosha vyombo. Nikampa sufuria ya githeri iliyoungua, ile ngumu! Kuanzia siku hiyo akawa mtu wa nyumbani. Akajifunza kuwasha jiko la makaa, akajua kwamba maji yakikatika mtungi wa lita 20 haubebwi kwa mkono mmoja, na akaacha kumpiga picha kila mtoto anayepita. Hakuna aliyemkataza. Ukishaosha mtoto miguu jioni, unamwona vingine.

Ile kazi aliyokuja kuifanya, hapo ndipo pana maneno. Shirika lililomleta, na sitalitaja, lilikuwa limempangia yeye na wenzake kupaka rangi darasa moja huko Ruiru. Nikaenda siku moja kuwapelekea chakula. Mwalimu akaniambia pembeni kwamba ukuta ule ulikuwa umepakwa rangi na kundi la mwaka uliotangulia, nao ulikuwa bado mzima. Upande wa pili wa barabara alikuwa amekaa fundi wa rangi, kijana wa hapo hapo mtaani, juu ya ndoo yake, akisubiri kibarua. Anawatazama. Jameni, nani alikuwa anamsaidia nani pale?

Siwalaumu wale vijana. Walikuja na nia safi na walilipa pesa nyingi. Lakini kazi ya kujitolea inayomnyima fundi wetu riziki ya siku moja sijui tuiite nini. Tulizungumza nyumbani, na wiki mbili za mwisho aliomba akae na wasichana wawili wa madrasa waliokuwa na maboksi ya vitabu vya msaada yasiyofunguliwa. Wakavipanga watatu, wakaandika daftari la kuazima. Yeye alikwenda zake. Wale wawili walibaki na daftari, na vitabu vinaazimwa hadi leo. Hicho ndicho kipimo changu: mgeni akiondoka, kuna mtu wa hapa anayejua kuendelea?

Kuna jambo lingine zito zaidi, na hapa sitazunguka. Msikubali wageni wapelekwe kwenye makao ya watoto kwenda "kucheza na mayatima" wiki mbili. Mtoto yule anashikwa, anabebwa, anazoea harufu ya mtu, kisha mtu anapanda ndege. Mwezi ujao anakuja mwingine. Mara ya tano mtoto anamkimbilia mgeni yeyote kwa sababu amesahau kuchagua, au hamkimbilii mtu kabisa. Na pesa za wageni zikishafuata watoto, wapo watakaotafuta watoto wa kujaza vitanda, hata wenye shangazi na nyanya wanaoweza kuwalea wakisaidiwa kidogo. Serikali yetu ilisimamisha usajili wa makao mapya mwezi Novemba 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia. Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua kafala yetu pia, kumlea mtoto nyumbani kwa taratibu za Kiislamu. Kwa hiyo mgeni anayewapenda mayatima, mwonyesheni nyanya mmoja wa Kiandutu anayelea wajukuu wanne, amteke maji. Na picha asipige.

Haya, wazazi. Kabla ya kukubali mgeni, ulizeni. Amelipa kiasi gani huko kwao, na cha chakula kinachofika kwako ni kiasi gani? Si tamaa kuuliza. Unga una bei, na nyumba nyingi zimenyamaza kwa haya huku zikikopa dukani ili mgeni ale kuku. Ulizeni akiugua usiku nani anapigiwa simu na nani analipa hospitali. Kama ni wa kiume na nyumba ina mabinti, semeni wazi kwamba mnapokea wa kike tu, na kama hakuna basi. Watoto wenu wana haki ya usalama kabla ya mgeni kuwa na haki ya kitanda.

Na akija Ramadhani na si Muislamu, mwekeeni chakula chake cha mchana bila kununa. Hamkumwalika afunge. Wengi wao hujaribu wenyewe, saa nane wanaanza kuitazama saa, na jioni ndio wa kwanza kwenye kaimati.

Vijana mnaotaka kwenda ng'ambo, haya yote yawageukie. Mtu wa kule naye amewatoa watoto wake kitandani kwa ajili yako. Usikae chumbani na simu. Osha vyombo. Waeleze mapema kuhusu swala na chakula, kwa maneno machache, kabla hawajakupikia nyama usiyoila ukawatia aibu. Na mkirudi, Thika na Ruiru zipo kilomita chache tu. Ruiru ya leo, ambayo kwa sensa ya 2019 imeipita Thika kwa watu, imejaa familia zilizohamia palipokuwa mashamba ya kahawa na hazimjui jirani. Kwa nini kijana wa Majengo asikae wiki mbili za likizo na familia ya Kihunguro, asomeshe watoto hisabati, na wa Kihunguro aje huku? Hakuna viza. Nauli ni ya matatu.

Nimeambiwa watu wa Ruiru wana gari la kuwahi kabla ya futari, kwa hiyo maswali yaanze na wao. Na wale mlioombwa kupokea wageni, msitie sahihi leo. Leteni fomu hapa mbele tuzisome pamoja.