Mtumishi wa Mji Akijua, Familia Haizunguki

Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa familia zilizohama, mashefu wa kartie na watumishi wa mji

Wengine wametembea kwa mguu kutoka kambini tangu asubuhi. Tunajua kwamba siku ya kukaa mkutanoni ni siku bila kibarua. Kwa hiyo tutasema jambo moja tu, nalo ni hili: habari inayokaa katika ofisi moja ya mji bila kufika katika ofisi ya pili inaweza kuharibu amani sawasawa na uongo.

Mama na karatasi ya mtoto

Tuanze na mama mmoja tuliyemsindikiza. Hatutataja jina lake, wala mji, wala ofisi. Alijifungua kambini. Kituo cha afya kilimpa karatasi ya kuonyesha kwamba mtoto amezaliwa. Akaenda nayo komini ili mtoto aandikwe. Pale aliambiwa alete barua ya shefu wa kijiji alikotoka. Lakini shefu huyo naye alikimbia, na hakuna aliyejua yuko wapi. Akaenda kwenye idara ya mambo ya jamii. Aliambiwa arudi komini. Akarudi. Aliyekuwa mezani siku ile alikuwa mtu mwingine, akamwambia aanzie kwa shefu wa kartie. Shefu wa kartie akamwambia: «Mama, mimi sijapata agizo lolote juu ya watoto wa kambini.»

Kumbe agizo lilikuwepo. Komunike iliyosema kwamba watoto wa familia zilizohama waandikwe kwa karatasi ya kituo cha afya na ushuhuda wa kamati ya kambi ilikuwa imetiwa sahihi zamani. Ilikuwa katika sanduku la meza ya sekretari, katika nyumba ile ile ambamo mama alizungushwa.

Kodi ya Familia ya nchi yetu, kama ilivyogeuzwa mwaka 2016, inatoa siku 90 za kutangaza mtoto aliyezaliwa. Siku hizo zikipita, kazi inapitia kwa hakimu, na hapo kuna safari, kungojea na gharama. Mama huyu alifika siku 90 zikiwa zimekwisha.

Angalieni vizuri, ndugu zetu. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemtukana. Hakuna hata aliyemwomba pesa. Kila mtumishi alimjibu kadiri ya habari aliyokuwa nayo. Lakini mama alirudi kambini akisema: «Mji huu hautupendi.» Na wote waliomsikia walimwamini.

Kwa nini habari haivuki

Sheria ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008 juu ya miji, komini, sekta na sheferi inaonyesha namna mji unavyoongozwa. Kuna meya, kuna burgumestre wa komini, na chini yao kuna kartie. Watu wetu wanaendelea hadi avenyu na nyumba kumi. Lakini pembeni ya hao kuna idara nyingi: kuandika raia, usafi, viwanja na nyumba, mambo ya jamii, elimu, afya, maji, polisi. Baadhi zinafanya kazi chini ya mji. Nyingine zinapokea maagizo kutoka jimbo, na nyingine kutoka Kinshasa.

Kila idara ina mkubwa wake. Ripoti inapanda kwake, na agizo linashuka kutoka kwake. Habari inapanda na kushuka, lakini haivuki mlango kwenda kwa jirani. Watumishi wawili wanaweza kugawana ukuta mmoja kwa miaka kumi, na kila mmoja akasikia mambo ya mwenzake kwenye redio.

Kuna sababu nyingine, na tuziseme bila kumshitaki mtu. Ya kwanza ni umaskini wa ofisi: hakuna karatasi, hakuna wino, hakuna umeme, na mtumishi amekaa miezi bila mshahara. Nani atanunua uniti kwa pesa yake ili aite idara ya pili? Ya pili ni woga: mtumishi anaogopa kusema jambo ambalo mkubwa wake hajalisema. Ya tatu ni kwamba habari imekuwa mali. Mwenye kujua peke yake anaombwa, anasalimiwa, na pengine anapewa kitu. Ya nne ni kubadilika kwa watu. Mkuu wa idara akihamishwa, anaondoka na namba zote katika simu yake, na aliyekuja nyuma anaanza gizani.

Alama nyekundu

Katika mji mwingine tuliona jambo lililotutia hofu. Asubuhi moja watu wa usafi walipita kambini wakiweka alama nyekundu kwenye vibanda. Walikuwa wanahesabu familia ili wajue vyoo vingapi vichimbwe. Kazi ilikuwa njema. Lakini hawakuwa wameambia komini, wala polisi, wala shefu wa kartie.

Wamama wakamwuliza shefu: «Alama hii ni ya nini?» Naye, kwa haya ya kusema hajui, akajibu: «Labda watavunja.» Kufika saa sita, kambi yote ilisema itavunjwa. Kufika saa tisa, vijana walikuwa wameweka mawe barabarani. Wenyeji wa kartie wakafunga maduka, wakisema wahamiaji sasa wanataka vita. Polisi wakafika bila kujua chanzo ni nini. Ilibaki kidogo damu imwagike.

Aliyezima moto ule alikuwa mtumishi mdogo wa usafi. Alirudi na daftari lake, akasimama juu ya jiwe, akasoma kwa sauti hesabu ya vyoo. Watu wakacheka, wengine wakalia. Dakika tano za maelezo asubuhi zingetosha.

Goma, mwaka 2021

Wengi wenu mnakumbuka Goma. Jioni ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Moto wa mawe ulifika pembeni ya mji na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Makumi ya watu walikufa. Usiku ule maelfu walikimbia, wengi kuelekea Gisenyi, kwa sababu walikumbuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, siku ambayo moto ulipita katikati ya mji.

Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka bila kupumzika. Kisha, alfajiri ya tarehe 27 mwezi wa tano, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kartie 10 kati ya 18 za Goma zihame mara moja. Watu mamia ya maelfu wakatoka: kwa njia ya Sake, kwa njia ya Rutshuru, kwa kuvuka mpaka, kwa mashua kuelekea Bukavu. Kurudi kulianza mwezi wa sita, kwa hatua.

Hatusemi kwamba kuhamisha watu kulikuwa kosa. Tunataka mfikirie maswali ya asubuhi ile. Kartie yangu imo katika zile kumi? Mgonjwa wangu aliye hospitalini atabebwa na nani? Huko Sake tutapata maji wapi? Tutarudi lini? Maswali hayo mwananchi haendi kumwuliza gavana. Anamwuliza shefu wa avenyu, mwalimu, muuguzi, polisi wa barabarani, mtumishi wa komini anayekaa karibu naye. Kama mtumishi huyo amesikia tangazo saa ile ile na redio ile ile kama jirani yake, atajibu nini? Atakisia. Na kukisia kwa mtu wa serikali, watu wanakuchukua kama amri.

Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya watu waliohama ndani ya nchi yao, za mwaka 1998, zinasema kwamba wanaohamishwa waelezwe kikamilifu sababu ya kuhamishwa na namna itakavyofanyika. Zinasema pia kwamba waliohama wapewe hati wanazohitaji. Lakini haki hizo zinatimizwa na watu wa mezani. Mtumishi asiyejua hawezi kumweleza mwingine.

Mambo yaliyosaidia

Tumeona ofisi ambazo hazina pesa zikibadilisha hali kwa mambo madogo. Tunayaleta kwenu ili mchague.

Kwanza, dakika kumi na tano za Jumatatu. Mtu mmoja wa kila idara anafika. Hakuna viti, hakuna hotuba. Kila mmoja anasema mambo mawili: kitu gani kimebadilika kwetu wiki hii, na kitu gani tutafanya ambacho watu wataona barabarani. Alama nyekundu ingesemwa hapo.

Pili, karatasi moja ya wiki. Kila habari inajibu maswali matano: ni nini, inaanza lini, mlango gani, bei gani au ni bure, na nani wa kuulizwa. Iandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, maana barua inaingia kwa Kifaransa, lakini mama anauliza kwa Kiswahili. Ipelekwe kwa mkono katika kila ofisi mpaka kartie ya mwisho.

Tatu, tarehe juu ya kila tangazo, na mtu wa kuondoa yaliyokwisha. Ubao wenye matangazo ya mwaka jana unadanganya watu kila siku.

Nne, daftari la maswali. Mtumishi akiulizwa jambo asilolijua, analiandika. Jumatatu daftari linafunguliwa mbele ya wote. Kwa njia hiyo wakubwa nao wanajifunza habari gani haikushuka.

Tano, msimsahau mlinzi wa mlango na plantoni. Hao ndio familia inakutana nao kwanza. Plantoni akijua mlango wa kweli, mama haendi milango minne.

Sita, namba za simu na majina ya kila idara ziandikwe katika kitabu cha ofisi, si katika simu ya mtu mmoja tu.

Habari ya kulindwa

Kuna jambo tunalolikazia. Kupashana habari za kazi si kutawanya siri za watu. Orodha ya majina ya familia zilizohama isibandikwe ukutani, wala isitumwe ovyo katika simu. Idara ya maji inahitaji kujua idadi ya familia. Haihitaji kujua nani alibakwa, nani alitoroka kikundi cha silaha, na kila familia ilitoka kijiji gani. Katika nchi yetu majina yaliyoanguka mikononi mwa watu wabaya yameleta vifo. Kwa hiyo semeni wazi juu ya milango, siku na bei. Juu ya majina ya watu, fungeni mdomo.

Kazi ya viongozi wa familia zilizohama

Ninyi viongozi wa kambi na wa familia zilizopokelewa nyumbani kwa watu, msingoje ofisi peke yake. Mkisikia tangazo, ulizeni mambo matatu: ni la tarehe gani, limetiwa sahihi na nani, linaanza lini. Mkienda ofisini, nendeni wawili, mwanamume na mwanamke, na muandike jibu. Mkirudi, semeni yale yale mliyoambiwa, bila kuongeza chumvi. Fikeni pia kwa mzee asiyetembea, kwa kipofu, kwa mama anayetoka kulima jioni. Na mwenyeji wa kartie naye asikie, ili asifikiri kwamba mnapewa vitu kwa siri.

Watumishi na viongozi wote, tujifunze neno moja gumu: «Bado sijui. Nitauliza, na kesho nitakujibu.» Neno hili halipunguzi heshima ya mtu. Shefu wa alama nyekundu angelisema, mawe yasingefika barabarani. Lakini kesho ikifika, jibu lipatikane.

Tunajua kwamba karatasi ya wiki haizimi bunduki. Haimrudishi mtu kijijini kwake. Lakini familia iliyopoteza nyumba, shamba na ndugu isipoteze tena siku zake kwa kuzungushwa kutoka mlango hadi mlango. Wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Idara moja nayo, hata ikiwa na watu wema, haiwezi kuupokea mji mzima peke yake.

Sasa tugawanyike katika vikundi, kila kikundi kiwe na watumishi na watu wa kambini pamoja.

Maswali ya kuongea katika vikundi

1. Ni lini mlipata majibu mawili tofauti katika ofisi za mji mmoja? Matokeo yake yalikuwa nini?

2. Katika mji wenu, nani anajua kwanza mambo yanayobadilika, na nani anajua mwisho? Kwa nini?

3. Kati ya yale mambo sita, lipi linaweza kuanza Jumatatu ijayo bila pesa? Nani atalianzisha?

4. Habari zipi za familia zilizohama zisitoke kamwe katika ofisi iliyozipokea?