Kompyuta Chakavu za Ofisini

Kompyuta zinazoondolewa ofisini mara nyingi huishia kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Nyaya huchomwa ili ipatikane shaba, na moshi wake huvutwa na watoto wa jirani. Skrini nene za zamani huvunjwa, vioo vikatupwa mtaroni, ilhali vina risasi, madini yadhuruyo ubongo wa mtoto. Nayo maji ya Ufipa hushukia Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021 zinataka vifaa hivyo vikabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali. Kabla ya kukabidhi, diski itobolewe: kufuta mafaili hakutoshi, kwani majina ya wateja, na madeni yao, husalia humo.